Waliozikwa kwa Majina Yetu

Nimeanza kuandika habari hizi mara nyingi nikafuta. Mtu ninayetaka kumweleza alikuwa daktari. Alinusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda, kisha akaacha udaktari akawa mwandishi wa historia ya mauaji hayo, na muda wake wote uliobaki aliutumia kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa. Mimi nimeishia darasa la saba. Nikitia chumvi hapa, hata kidogo, nitakuwa nimeiharibu kazi yake. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Mzee mwenyewe amefariki mwaka huu. Kitabu chake cha mwisho hakijatoka na sijui kama kitatoka.

Nilifika kwake kupitia wakala. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya usafi maofisini huku Uarabuni na kulala mtaa wa International City, chumba cha wanawake wengi, vitanda vya juu na chini. Mkataba ulipokwisha wakala akanipigia simu kwamba kuna madam Mkenya, mtaa wa Al Nahda, anatafuta mtu wa kumtunza baba yake. Nikamwambia sina cheti cha uuguzi.

"Hajauliza cheti," akasema. "Ameuliza unatoka wilaya gani."

Nikasema Ngara. Akasema, "Khalas, basi, kesho uende."

Madam kumbe hakuwa Mkenya, ila alilelewa Nairobi na shangazi yake na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Baba yake alikuwa mrefu, mkavu, mikono yote miwili inatetemeka kwa ule ugonjwa wa wazee. Alikaa dirishani, upande unaotazama barabara ya kwenda Sharjah, magari yamesongamana chini asubuhi hadi usiku. Swali lake la kwanza kwangu halikuwa jina.

"Unalala muzuri, mama?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi alikosomea udaktari, na siku za mwanzo nilikuwa nacheka moyoni. Nikamwambia nalala vizuri. Akanitazama kama ambaye hajaridhika na jibu, lakini hakuuliza zaidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo alivyoanza na kila shahidi. Alianza na usingizi, kisha chakula, kisha miguu, kama yuko kliniki. Hakuwahi kuanza na mauaji.

Habari zake mwenyewe alizisema kidogo sana. Alinusurika akiwa amelala juu ya dari ya hospitali aliyokuwa akifanya kazi, akiwasikia wagonjwa wake wakitolewa. Hayo ameyaandika katika kitabu chake cha kwanza, nusu ukurasa, hakuongeza. Mkewe alikuwa muuguzi, na siku hiyo hakuwa zamu. Shahidi mmoja tu alipata kumwambia kwamba alimwona mkewe akiteremshwa kwenye lori karibu na mto. Baada ya shahidi huyo hakupatikana mwingine.

Mto ule unashuka mpaka Rusumo, unakuwa mpaka kati ya Rwanda na kwetu, kisha unazunguka hadi Ziwa Victoria. Kwetu tunauita Kagera. Mwaka ule wa 1994 ulileta watu waliokufa, na kitabu cha tatu cha mzee, hicho ambacho hakijatoka, kilihusu watu hao: walitolewa majini na nani, walizikwa wapi. Wiki yangu ya kwanza tu aliniambia.

"Mimi natafuta wote. Lakini nisikudanganye, mama. Natafuta mumoja."

Mkewe alikuwa na alama ambayo ingeweza kumtambulisha. Alama yenyewe hakuisema. Kwa miaka thelathini hakumwambia shahidi yeyote, kwa sababu, alisema, akimwambia tu, huyo si shahidi tena.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa, na mchana kuwasha rekoda na kupiga simu, maana vidole vyake havikuweza. Nilichapa pia, kwa vidole viwili, na makosa mengi. Kila sentensi ya shahidi aliipitisha kwenye swali moja: umeona, umeambiwa, ama umezania? Majibu ya kila aina yalikuwa na mahali pake katika kompyuta, na hayakuruhusiwa kuchanganyika. Nakumbuka mtu mmoja wa upande wa Karagwe aliyesema kwa simu kwamba siku moja walipita watu elfu moja.

"Ulihesabu?"

"Sikuhesabu, daktari, ila walikuwa elfu."

"Basi tuandike walikuwa wengi."

"Wewe mzee unatuonea. Mimi nakupa elfu nzima, wewe unachukua wengi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilichapa "wengi."

Mimi kwetu ni kilima kinachotazama mto huo. Sikumwambia. Sikuficha, ila hakuniuliza, nami nilidhani habari za mtoto wa darasa la tatu hazina maana kwa mtu anayeandika vitabu. Zilitoka kwa sababu ya samaki. Madam alileta hamuri mkubwa, nikamkaanga, nikampa mzee, mimi nikala wali na mchicha.

"Juu ya nini haukule samaki?"

"Kwetu tuliacha, mzee. Tangu mwaka ule."

Akaweka kijiko chini. Kilichukua muda kufika mezani kwa ule mtetemo.

"Usiendelee. Usiseme neno lingine mpaka nikuulize sawasawa."

Akapanga iwe Jumapili, siku yangu ya mapumziko, kwa sababu hakutaka nitoe ushahidi kama mfanyakazi wake. Ningekaa kwenye kochi na binti yake ndiye angepika chai. Hadi siku hiyo nisipige simu nyumbani kuulizia, nisisome chochote, nisiongee habari hiyo na mtu. Nilikubali. Nilijiona mtu mkubwa kidogo, sitaki kusema uongo.

Ijumaa, mzee akiwa amelala, madam akanifuata jikoni. Alikuwa ametoka kazini, viatu mkononi.

"Anti, hebu sikia. Kuna kitu unakumbuka, ama hakuna?"

"Baba amesema tusiongee."

"Najua amesema nini. Nimeishi na hiyo sheria maisha yangu yote." Akafunga mlango wa jikoni. "Unadhani nilikuchagua aje, kati ya wale wote? Nilimwambia wakala nataka mtu wa Ngara, karibu na mto. Wakala tatu walinicheka."

Nikaendelea kukausha sufuria iliyokwisha kukauka.

"Mum alikuwa na plasta," akasema. "Ile ngumu, ya mfupa. Alianguka kwa ngazi wiki mbili kabla, Dad ndiye alimfunga. Mkono wa kushoto, kutoka hapa hadi hapa." Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe. "Kwa maji ingeyeyuka lakini kitambaa kingebaki. Dad husema kingebaki."

"Mbona unaniambia, madam?"

"Ndio ukumbuke."

Nataka nimtendee haki. Alikuwa na miaka miwili mambo yale yalipotokea, na alikuwa Nairobi kwa shangazi yake. Sura ya mama yake anaijua kwa picha moja, na picha yenyewe imepigwa mbali. Aliniambia hataki mengi, anataka tu mahali pa kupeleka maua, hata kama ni shimo la watu wengi. Alilia kidogo, bila sauti, halafu akaosha uso palepale kwenye sinki la vyombo. Kama angekuwa dada yangu, ningemshika. Lakini ni madam, nikampa taulo.

Usiku ule nililala nikauona mkono. Na asubuhi yake pia.

Jumamosi nilishuka kununua mkate. Mlinzi wa jengo letu alikuwa kijana wa Uganda, mtu wa maneno mengi, anajua kila mtu anapanda na nani kwenye lifti. Mimi aliniita nyabo, yaani mama kwa lugha yao.

"Nyabo, mzee wako bado anaandika maiti?"

"Anaandika watu."

"Si ni kitu kimoja. Mwambie aje kwangu, mimi nitampa kitabu kizima. Kwetu ni ziwani. Miili ilikuja kama magugu, nyabo. Wavuvi waliacha kazi. Niliona mama mmoja na mtoto bado amefungwa mgongoni, na kitenge ni cha njano."

Alisema kitenge ni cha njano kwa namna ya mtu anayekitazama. Nikamwuliza alikuwa na miaka mingapi wakati huo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akacheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Nilikuwa sijazaliwa," akasema. "Lakini baba aliongea hiyo kitu kila siku. Naona kabisa, nyabo. Hata sasa."

Hakuwa anadanganya. Nilipanda na mkate wangu. Nilijaribu kutafuta kama, kabla ya maneno ya jikoni, kulikuwa na kitu cheupe popote katika kumbukumbu zangu. Kuna wakati nilipata. Nikitafuta tena, sipati.

Jumapili madam alileta chai na biskuti, akarudi kusimama mlangoni mwa jikoni. Mzee alivaa koti. Niliwasha rekoda mwenyewe, kisha nikaenda kukaa kwenye kochi.

"Unalala namna gani, mama?"

"Siku mbili hizi vibaya."

Akatikisa kichwa. Akauliza chakula, akauliza miguu. Kisha akaniomba nieleze kwetu palivyokuwa, nianzie popote.

Nilianza na maji. Baba na majirani walishuka mtoni na majembe na miti mirefu ya kuwavuta waliokufa, na sisi watoto wa kike tulibeba maji ya kisima ili wanaume wanawe, kwa sababu ya mtoni hakuna aliyetaka kuyagusa. Tuliambiwa tuweke ndoo kwenye migomba na kurudi. Mimi sikurudi kila mara. Niliona miti ikivuta. Niliona baba amejifunga khanga ya mama puani.

"Umeona?"

"Niliona."

Nikaeleza maziko. Kwetu mtu hashushwi kaburini bila kuitwa. Anayesimama upande wa kichwa hutaja jina la marehemu, wengine huitikia, ndipo udongo unarudishwa. Sijui kama ni desturi ya sisi Wahangaza wote au ya ukoo wetu tu. Wale wa mtoni hawakuwa na majina yanayojulikana. Wanaume walisimama na majembe yao wakatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumfukia mtu kama mzoga. Ndipo baba akasema tuwaazime majina.

Mwanamke wa kwanza alipewa jina la bibi yangu, mama yake baba. Baba alilitaja, wote wakaitikia. Kisha majirani nao wakatoa majina ya marehemu wao, shangazi, wajomba, watoto waliokufa kwa surua. Wakachonga misalaba, wakachoma majina hayo kwa chuma cha moto. Kilima kikawa kama makaburi ya ukoo wetu mmoja.

Mzee alikuwa ameinama. "Misalaba uliiona kwa macho?"

"Niliiona. Nilisoma jina la bibi."

"Na baada ya hapo?"

"Niliambiwa walikuja wageni miaka ya mbele, wa serikali na wa kwenu, wanatafuta makaburi ya watu wa mtoni. Walifika kwenye kilima wakasoma majina ya kwetu, wakatoa pole ya msiba, wakapita. Baba hakuwaambia. Alihofia ataulizwa kwa nini alizika bila kibali."

"Hilo umeambiwa."

"Niliambiwa, na mama yangu."

Chai yake ilikuwa imepoa na haikuguswa.

"Baba yako alifanya muzuri sana," akasema. "Na hivyo ndivyo walivyopotea mara ya pili." Hakusema kwa lawama. Aliuliza kama mmoja wa wale wanaume yuko hai. Nikasema wa mwisho alikufa mwaka juzi. Akafumba macho, akayafumbua.

"Kuna mutu mumoja katika wale unayemukumbuka peke yake?"

Ndilo swali lake la siku zote, wazi hivyo, halina mlango wa pembeni. Na mimi nikasema. Sikupanga kusema, wala sikupanga kunyamaza.

"Mwanamke. Mkono wake ulikuwa na kitu cheupe."

"Mukono gani?"

"Wa kushoto."

Neno lilipotoka nilijua kwamba neno hilo si langu. Mtoto wa darasa la tatu aliyejificha kwenye migomba hawezi kujua mkono wa kushoto wa mtu anayevutwa na mti majini. Au anaweza, sijui. Mzee aliinua uso. Sijawahi kuona uso unaotaka kitu namna ile, na sitaki kuuona tena.

"Umeona, umeambiwa, ama umezania?"

"Naona, mzee."

"Sikuuliza kama unaona. Nimeuliza kama uliona."

Nikatazama rekoda.

"Mama. Kuna mutu alikuambia kitu kabla ya leo?"

"Dad, wacha," madam akasema. "Wacha amalize."

Nilimtazama madam. Alikuwa ameshika fremu ya mlango. Kama ningesema hapana, sentensi ingeandikwa mahali pa waliyoyaona kwa macho, na mwanamke yule angekuwa na kilima, hata kama kaburi lenyewe lisingejulikana. Maua yangefika. Ni neno moja tu lililokuwa likihitajika. Na huenda lingekuwa kweli, hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, huenda lingekuwa kweli kabisa.

"Niliambiwa," nikasema. "Jikoni, Ijumaa. Niliambiwa habari ya plasta."

Sikusema na nani. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu.

Mzee aliomba rekoda izimwe. Nilipoinuka kuizima, aliniambia kwa upole kabisa, kama anayenieleza dawa, kwamba mgonjwa ukimtajia dalili leo, kesho atakuwa nazo zote. "Hadanganyi. Iko nazo kweli. Lakini wewe daktari hutajua tena ugonjwa wake." Kisha akamgeukia binti yake akasema kwa Kinyarwanda. Kihangaza changu na Kinyarwanda chake vinasikilizana, na sijui kama alisahau au aliacha tu nisikie. Alisema, "Miaka thelathini nimemtafuta mama yako bila kumtaja. Wewe umemtaja mara moja."

Madam aliingia chumbani kwake. Hakufunga mlango kwa kishindo. Aliufunga polepole sana.

Jioni mzee aliniamuru nichape. Maji, miti mirefu, maziko, majina ya kuazima, yote hayo yaliingia mahali pa niliyoyaona. Wageni waliopita, mahali pa niliyoambiwa. Mkono haukuingia popote. Niliuliza kama usiwekwe basi kwenye waliyoyadhani watu. Akasema hata huko kuna mlango, na mlango huo umeshavunjwa.

Siku zilizofuata madam hakunisemesha zaidi ya lazima. Kisha asubuhi moja, tukiwa wawili kwenye lifti, akasema akitazama namba za ghorofa, "Ungesema tu, hapana, hakuna mtu ameniambia kitu. Ingekugharimu nini, anti?"

"Angeandika kitu kisicho na uhakika."

"Angelala."

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nikimweka mzee mbele, nilifanya sawa. Nikimweka yeye mbele, msichana aliyemtafuta mama yake kwa wakala watatu, sioni nilichomlindia. Alikosea kuniambia, ni kweli. Lakini ni kosa la mtu aliyengoja sana. Na kama asingeniambia, hakuna anayejua ningesema nini Jumapili ile. Huenda nisingetaja mkono wowote, na mzee angebaki vilevile bila kitu. Au ningeutaja, na wangekuwa naye.

Sasa nilikuwa na ruhusa, nikampigia kaka yangu. Akanitumia picha kwa simu. Misalaba ilishaliwa na mchwa zamani, kilima kiliuzwa, mwenye nacho amepanda mikaratusi na imesimama safu kwa safu mpaka karibu na maji. Kaka akasema mizizi ya ile miti inakwenda chini sana. Nilimwonyesha mzee picha. Aliitazama akaniomba nimkuzie, nikamkuzia, ikawa majani tu.

"Andika: hapajulikani," akasema.

Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho niliyomchapia. Baada ya hapo asubuhi nilikuwa nafungua kompyuta, yeye anasema tuache kidogo, mchana anasema tuache kidogo. Mashahidi walioahidiwa kupigiwa simu walianza kupiga wenyewe. Yule wa Karagwe alipiga, akaniuliza kama daktari amekasirika kwa ajili ya ile elfu, nimwambie yuko tayari kupunguza. Nilimwambia daktari anaumwa. Na kweli alianza kuumwa. Kifua kilimkamata, akalazwa, akarudi na mashine ya kupumulia. Chakula akakikataa kwa adabu, akisema asante baada ya kila kijiko anachokirudisha.

Madam akaniambia kwamba daktari wa hospitali anataka mtu mwenye cheti. Alinieleza vizuri, akanitafutia familia nyingine International City yenye watoto, akaniandikia barua nzuri ya sifa. Kama kulikuwa na sababu nyingine hakuisema, na mimi sitamsemea. Siku ya kuondoka, mchana, nikaingia kumuaga mzee. Muuguzi mpya alikuwa bado hajafika.

Mzee alikuwa amelalia ubavu, mrija puani. Akaniashiria nikae.

"Leo si ya kitabu," akasema. Alikusanya pumzi. "Rekoda haiko. Niambie tu."

"Nikuambie nini, mzee?"

"Ule mukono."

Nilijua anachoomba. Hakuwa mwandishi wa historia pale kitandani, alikuwa mume wa mtu. Nilifungua mdomo nikiwa nimedhamiria kumpa, na nikaona kwamba kumpa wote siwezi, kwa sababu sina wote.

"Nauona, mzee. Kile kitu cheupe, kimelegea, kinafuata maji. Nauona hata nikiosha vyombo. Lakini sijui nimeutoa wapi."

Alitikisa kichwa juu ya mto, taratibu, kama alivyokuwa akiwatikisia mashahidi ili waendelee.

"Hata mimi minamuona," akasema. "Anapita chini ya daraja. Uso iko juu. Nywele zimefunguka, na yeye hakufunguaga nywele hata siku moja mbele ya watu." Mashine ilivuta na kutoa. "Kila siku minamuona. Na mimi nilikuwa juu ya dari, mama. Sikuona kitu."

Nilimshika mkono. Ulitetemeka ndani ya mkono wangu, na sijui kama alijua nimeushika. Sikusema Mungu atamlipa wala atamwona huko aendako. Yeye hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo, na mimi kwa siku ile sikuwa na hakika.

Baada ya muda akaniomba nivute pazia, jua lilikuwa limeshafika machoni. Nikavuta. Nikamfunika miguu. Nilipofika sebuleni kengele ya mlango ililia, alikuwa muuguzi mpya na sare yake. Madam alikuwa ameshalibeba begi langu mwenyewe mpaka nje, amelisimamisha karibu na lifti, na alikuwa amebonyeza kitufe.